Mafuta ya freni si mafuta: komite inunue grese yenyewe



Katika mikutano yetu ya mwaka huu tumezungumza mingi juu ya magunia, juu ya bei ya maharage, juu ya pesa tunazoacha kwenye vizuizi vya njiani. Juu ya freni za pikapi ya kooperative hatujazungumza hata dakika tano. Leo ninaziomba hizo dakika tano, ao kumi, na nitasema tangu mwanzo kile ninachotaka. Komite isimwachie tena fundi kazi ya kununua grese na mafuta ya freni. Tununue sisi wenyewe, tuviweke depo, na fundi tumlipe kazi ya mikono yake.

Wengine watauliza mambo ya grese yanaingiaje katika gazeti la wakulima. Yanaingia juu ya ile siku pikapi yetu ilitoka Ariwara kuelekea Aru na magunia ya maharage, na akina mama wanne wamekaa juu ya magunia. Mimi nilikuwa mbele na shofere.

Juma moja na kitu kabla ya hapo tulikuwa tumefungua freni za mbele katika garaji moja, kwa sababu upande wa kuume ulikuwa umegoma. Siku za kwanza gari lilisimama vizuri, tukafurahi. Halafu shofere akaanza kuniambia, "Mzee, gari inakuwa nzito, inakunywa mazutu kama kamyo." Nikamjibu kwamba ni mzigo. Siku ile, kwenye mteremko wa kuelekea kijito, tukasikia harufu ya kuungua. Shofere akakanyaga, pedali ikawa laini kama unakanyaga sifongo. Akakanyaga tena, ikashuka mpaka chini. Alirudisha vitesi, akavuta freni ya mkono, akaligeuza gari ndani ya shamba la muhogo. Mungu amlinde kijana yule. Mama mmoja alivunjika mkono, na magunia mawili yakapasuka. Gurudumu la kuume lilikuwa moto mpaka nilipomwagia maji yakachemka palepale. (Hilo lilikuwa kosa langu la pili siku ile. Disiki yenye moto namna hiyo usiimwagie maji, inaweza kupasuka. Iache ipoe yenyewe.)

Tulipofungua tulikuta mpira wa ndani umevimba. Sina mfano mwingine wa kuwapa: ulikuwa kama maharage yaliyolala ndani ya maji usiku mzima. Na juu yake kulikuwa na grese ya manjano, ile ya tini, ile ambayo sisi wote tunaijua.

Tuelewane juu ya majina. Freni ndiyo ile wenzetu wa upande wa Arua wanaita breki, na grese wao wanaita grisi. Etriye ni kile chuma kinachoikumbatia disiki ya gurudumu. Ndani yake iko pistoni, moja ao zaidi, na pistoni inasukuma plaketi ili zibane disiki. Kuzunguka pistoni kuna mpira mmoja mwembamba, na ukiukata utaona una pembe nne, si wa duara.

Watu wengi wanafikiri kazi ya mpira huo ni kuzuia mafuta yasitoke tu. Uko na kazi ya pili, na ndiyo iliyotuangusha. Unapokanyaga pedali, pistoni inatoka kidogo sana na mpira unajipinda pamoja nayo. Unapoachilia, mpira unajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma. Hakuna springi ndani ya etriye. Anayeirudisha pistoni ni mpira ule. Basi mpira ukivimba unaishika pistoni vile tope linashika buti. Plaketi zinabaki zimegusa disiki. Unatembea kilometa 20 huku unafunga freni bila kujua, na kila kilometa unailipia mazutu. Joto linapanda, linaingia kwenye pistoni, linafika kwenye mafuta ya freni, na mafuta yanachemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa. Mguu wako unabana mvuke tu, gurudumu halisikii kitu.

Sasa, juu ya nini mpira uvimbe? Hapa ndipo jina linatudanganya. Tunasema "mafuta ya freni", kwa hiyo tunafikiri ni ndugu ya mafuta ya moteri, na kwamba grese yoyote itapatana nayo. Mafuta ya freni si mafuta. Ni maji ya kemia yaliyotengenezwa kwa glikoli, na yanachanganyika na maji ya kawaida bila shida. Wenye kutengeneza magari walichagua mpira unaoweza kuishi miaka ndani ya glikoli. Siku hizi mara mingi ni ule unaoitwa EPDM. Mpira huo hauogopi glikoli, hauogopi maji, lakini mafuta yanayotoka kwenye petroli unayanywa kama mtu mwenye kiu. Mafuta ya moteri, mafuta ya vitesi, mazutu, esansi, mafuta ya kupuliza ya kulegeza misumari, grese ya tini: wote ni watoto wa petroli, na wote wanauvimbisha.

Sikutaka wanamemba waniamini kwa maneno. Nilichukua mpira mzee wa pistoni, nikaukata vipande viwili. Kimoja nilikitia ndani ya chupa yenye mafuta safi ya freni, kingine ndani ya chupa yenye mafuta ya moteri, nikaziweka zote mbili depo fasi yenye joto, chini ya bati. Baada ya siku chache vipande havikuwa tena sawa. Cha kwanza kilibaki vile kilikuwa. Cha pili kilinenepa, kikawa laini, na ukikipima kando ya mwenzake huwezi kusema vilitoka kwenye mpira mmoja. Papa mmoja mwenye kuendesha gari tangu zamani alikishika, akakigeuza, akasema tu, "Kumbe." Kooperative yoyote inaweza kufanya hivyo bila gharama. Ninaomba mfanye, kwa sababu macho yanashawishi kuliko gazeti.

Basi tutie nini? Nianze na ndani ya etriye, kwenye pistoni na mpira wake, maana hapo ndipo watu wanasema "huku Ariwara hatuwezi kupata vitu vya kizungu." Hapo huhitaji grese yoyote. Paka mafuta safi ya freni, yale yale utakayotia ndani, kutoka chupa iliyofunguliwa leo. Yanateleza vya kutosha kuingiza pistoni kwa mkono. Kuna pia grese nyekundu ya pekee kwa mipira ya freni. Hiyo ni nzuri kuliko mafuta peke yake kwa sababu inakaa, inazuia kutu nyuma ya kava ya vumbi, na kwa vumbi letu jekundu la kiangazi hilo si jambo dogo. Ukiipata, inunue. Ukikosa, usiseme umekosa kila kitu.

Jambo moja litawachekesha. Grese hiyo nyekundu inatengenezwa kwa mafuta ya mbarika, ule mmea wenye mbegu za madoadoa unaojiotea nyuma ya nyumba zetu. Hata mafuta ya freni ya zamani yalikuwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na alkoli. Lakini mtu asiniambie kwamba atakamua mbegu zake nyumbani na kuzitia ndani ya freni. Mafuta ya kiwandani yamesafishwa na kuchanganywa na vitu vingine ili yavumilie joto. Yetu yatakamata maji na kugeuka gundi. Na mawese, ambayo nimesikia kijana mmoja akiyataja, yabaki kwa sombe. Asubuhi ya baridi yanaganda ndani ya kopo, je, ndani ya freni?

Fasi ya pili ni zile pini ambazo etriye inateleza juu yake. Si kila gari liko nazo. Land Cruiser nyingi za kazi na Hilux nyingi za magurudumu manne yanayovuta ziko na pistoni nne, mbili kila upande, na etriye imefungwa imara. Hapo hakuna pini ya kupaka. Lakini Probox na magari madogo yanayobeba nyanya na samaki siku ya soko yako nazo. Pini ikigoma, plaketi ya ndani inakwisha kabisa na ya nje inabaki nzima. Ukiona hivyo, jua ni pini. Hapo ndipo grese inahitajiwa kweli, na iwe ya silikoni, ao ile iliyoandikwa wazi kwamba ni ya pini za freni. Pini iko na kava yake ya mpira, na grese ya petroli itaivimbisha vilevile, halafu matope ya mvua yataingia.

Tena, kidogo. Sisi tunapenda kujaza. Tundu la pini halina njia ya nyuma ya kutokea. Ukilijaza grese, pini haiingii mpaka mwisho, etriye haitelezi, na umerudi ulipoanzia kwa kutumia grese ya bei. Paka pini nyembamba, zungusha, maliza.

Nyuma ya plaketi, fasi chuma kinagusa chuma, kuna grese nyingine ya joto kali, ngumu kama dawa ya meno. Ukiwa nayo, paka kidogo sana mbali na mpira. Ukiwa huna, acha pakavu. Pakavu patapiga kelele; grese ya tini itayeyuka kwa joto, itiririke mpaka kwenye uso wa plaketi, na hapo hutasikia kelele wala hutasimama.

Ninajua mtu mmoja ataniletea kopo na kusema, "Mzee, angalia, imeandikwa Lithium, hii ndiyo mbaya, ama hii ndiyo nzuri?" Swali ni zuri kuliko vile linaonekana. Grese ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, kama maji yanavyoshikwa na sifongo. Lithiamu ni jina la sabuni, la sifongo tu. Halikuambii ni mafuta gani yako ndani. Grese ya kawaida ya magurudumu imeandikwa lithiamu na ndani yake ni mafuta ya petroli, hiyo hapana. Lakini vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaagiza kwa etriye grese ya sabuni ya lithiamu iliyo na glikoli ndani, hiyo ndiyo. Usitazame rangi, usitazame neno kubwa. Tafuta kama kopo linasema ni ya mipira ya freni, ao ya glikoli, ao ya silikoni. Kama haisemi, irudishe. Na grese ya tini tusiitukane: kwenye beringi za magurudumu na misalaba ya propela ndiyo yenyewe. Iko na fasi yake.

Kosa lingine linafanyika kabla ya grese, wakati wa kuosha. Karibu kila garaji niliyopita iko na beseni la mazutu ao esansi, na kila kitu kinaoshewa humo, pistoni, etriye, mipira. Vyuma vinaweza kuvumilia vikikaushwa kabisa. Mipira hapana. Ioshe kwa mafuta safi ya freni ao kwa alkoli ya spiriti. Ukikosa, maji ya sabuni, halafu ukaushe kila kitu kabisa. Ukikuta mpira umekwisha kuvimba, hakuna dawa. Ni wa kutupa.

Mafuta ya freni yenyewe tununue vipi? Chupani mnaona DOT 3 ao DOT 4. Ni alama zinazotoka kwa kanuni za Marekani. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka kabla ya digrii 205, na DOT 4 kabla ya 230. Lakini yakiisha kunywa maji kidogo, karibu asilimia 3.7, DOT 3 inaruhusiwa kushuka mpaka 140 na DOT 4 mpaka 155. Na yanakunywa maji kutoka hewani, mchana na usiku. Kwa hiyo lile bidoni lililofunguliwa tangu kiangazi na kufungwa kwa kipande cha plastiki, msilinunue hata mkipunguziwa nusu bei. Chupa ndogo yenye kizibo kizima ni afadhali. DOT 5, isiyo na 1 mbele yake, ni ya silikoni. Msiichanganye na hizi. Na chupa isiyo na alama, ifanyieni mtihani huu: tone chache ndani ya glasi ya maji. Mafuta ya freni ya glikoli yanapotea ndani ya maji. Yakielea juu kama mafuta ya sahani, ni ya petroli, na yakiingia kwenye freni yataharibu kila mpira, kuanzia silinda kubwa ya pedali mpaka mabomba ya magurudumu. Hapo hutabadilisha mpira mmoja tena, utabadilisha yote.

Nirudi kwa komite, kwa sababu ndiyo sababu nimeandika.

Fundi aliyetutilia grese ya tini si mwizi. Nilizungumza naye baadaye, bila hasira, na sitataja garaji yake kwa sababu nyingine yoyote ingefanya vilevile. Alinielezea hesabu yake. Sisi tulimpa bei moja ya kila kitu, kazi na vifaa ndani, na tulimshusha bei mara mbili mbele ya watu. Katika bei ile, kila franga anayotumia kwa grese inatoka mfukoni mwake. Tini ya manjano iko tayari pale chini ya meza, anaitumia kwa magari yote. Tubo la silikoni lazima aliagize kwa mtu anayevuka kwenda Arua, alilipe kwa shilingi za Uganda, alingoje. Wewe ungefanya nini? Sisi ndio tulimfundisha kuchagua tini, wakati tulikuwa tunashangilia kwamba komite imejua kubishana bei.

Ndiyo maana ninasema mikono ilipiwe peke yake na vifaa peke yake. Depo iwe na tubo moja la grese ya silikoni, kopo dogo la grese nyekundu likipatikana, chupa mbili za mafuta ya freni zilizofungwa, na mipira ya pistoni ya gari letu. Tubo moja linatosha kazi nyingi. Wafanyabiashara wetu wanavuka mpaka kila juma. Kuwaomba warudi na tubo si kazi. Siku ya kufungua freni, mtu mmoja wa komite aende na vifaa, akae pale, aone kopo gani linafunguliwa. Si kwa kumchunga fundi kama mtoto. Hata mahindi yakipimwa tunaweka mtu, na mizani haikasiriki. Mafuta hayo yawekwe juu, mbali na watoto na mbali na chakula, kwa sababu ni sumu, tena yanakula rangi ya gari.

Wale wanaosema, "Tumetumia ile ya tini miaka mingi na hatukufa," siwezi kuwabishia kwa maneno. Ninawauliza tu: katika miaka hiyo, mlibadilisha plaketi za upande mmoja mara ngapi? Gari lilivuta kuume ao kushoto mara ngapi, mkasema ni barabara? Gurudumu lilinuka mara ngapi, mkasema ni mteremko? Baada ya safari fupi bila mteremko, pitisheni mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Likiwa moja linatoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo iko kazi.

Na wenzetu wa pikipiki zenye disiki ya mbele, habari ni ile ile, tena nyinyi mnabeba watu wawili na gunia kwa pistoni ndogo kama kizibo cha chupa. Zile za kamba na ngoma haziko na mafuta ya freni, msihangaike.

Mama yule mkono wake umepona, analima, ingawa anasema siku za baridi unamkumbusha. Gharama za hospitali kooperative ililipa, na tukiziweka kando ya bei ya tubo la silikoni ni aibu hata kuandika. Chupa zangu mbili bado ziko dirishani depo. Nimeongeza ya tatu, yenye grese ya tini, kwa sababu kijana mmoja alisema mafuta ya moteri si grese na mtihani wangu hauna haki. Anayetaka kuona kipande chake kimefika wapi, apite siku ya soko.